Uga wa Umeme na Upangaji wa Chembe katika Mata Mseto: Maelezo na Istilahi

1. Utangulizi

Boriti ya zege iliyoegemezwa kwenye ncha zake mbili ikibebeshwa mzigo, upande wake wa juu hubanwa na upande wake wa chini huvutwa. Zege huvumilia sana kubanwa, lakini hupasuka upesi likivutwa. Kwa sababu hiyo mafundi hulaza nondo za chuma karibu na upande wa chini, mahali panapovutwa. Fundi akizilaza nondo zilezile upande wa juu, atakuwa ametumia saruji ileile, mchanga uleule na chuma kilekile, kwa vipimo vilevile. Hata hivyo boriti yake haitastahimili mzigo. Viungo havikubadilika. Kilichobadilika ni mpangilio.

Wanaisimu hawatalishangaa jambo hilo. Sentensi "Mwalimu alimwita mwanafunzi" na "Mwanafunzi alimwita mwalimu" zimejengwa kwa maneno yaleyale, na tofauti ya maana hutokana na mahali pa kila neno. Katika mata pia kuna sintaksia, na anayeipuuza hupata matokeo asiyoyataka.

Makala haya yana shabaha ya kueleza jinsi mpangilio unavyopatikana pale ambapo mkono wa fundi haufiki, yaani katika mata zilizoundwa kwa chembe za ukubwa wa mikromita. Mikromita 1 ni sehemu moja ya 1,000 ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 100 hivi. Hakuna koleo liwezalo kushika mamilioni ya chembe za kadiri hiyo na kuzipanga moja baada ya nyingine. Umeme unaweza kuzipanga zote kwa pamoja, bila kuzigusa. Njia hiyo ndiyo itakayochambuliwa hapa, pamoja na maneno yanayofaa kuieleza kwa Kiswahili.

2. Istilahi za msingi

Nchini Kongo mwanafunzi wa fizikia hujifunza somo hili kwa Kifaransa. Akitaka kulieleza kwa Kiswahili hukutana na vikwazo viwili. Cha kwanza ni neno "champ". Kwa kuwa neno hilo katika matumizi ya kila siku lina maana ya shamba, yuko karibu kusema "shamba la umeme". Lakini shamba ni mahali pa kulima, na mkulima huligawa kwa mipaka. Neno linalofaa zaidi ni "uga", ambalo watunzi wa istilahi wa Tanzania wamelikubali. Uga ni eneo la wazi, kama ule uwanja ulio mbele ya nyumba. Kwa hiyo uga wa umeme ni eneo ambalo kitu chenye umeme kikiingizwa ndani yake husukumwa au huvutwa, ingawa macho hayaoni chochote mahali hapo.

Kikwazo cha pili ni neno "charge". Kifaransa hulitumia neno hilo kwa mzigo na kwa umeme vilevile. Kulitafsiri kwa "mzigo" kungemfanya msomaji adhani kwamba chembe imeongezwa uzito. Ni afadhali kutumia "chaji", neno ambalo limekwisha kuenea, na kusema kwamba kuna chaji chanya na chaji hasi. Zinazofanana hufukuzana, zinazotofautiana huvutana.

Neno "mseto" halina tatizo, kwa kuwa Kiswahili kinalo tangu zamani katika upishi. Mseto ni chakula cha mchele uliopikwa pamoja na choroko. Mlaji huona kwamba humo kuna mchele na kuna choroko. Vitu viwili vimekuwa chakula kimoja bila kimoja kupotelea ndani ya kingine. Sukari katika chai si mseto, kwani imeyeyuka. Mata mseto, basi, ni mata iliyoundwa kwa viungo viwili au zaidi ambavyo kila kimoja kimebaki na hali yake: zege lenye nondo, udongo wenye majani makavu katika kuta za nyumba, plastiki yenye nyuzi za kioo. Kiungo kinachozunguka vingine kitaitwa "kibebeo"; vilivyozungukwa vitaitwa "chembe".

Mwishowe, kitu kinachopitisha umeme, kama shaba, huitwa "kipitishi", na kisichopitisha, kama mpira au kioo, huitwa "kihami". Maneno hayo mawili yameundwa kwa vitenzi vinavyojulikana, kupitisha na kuhami, hata asiyesoma fizikia aweza kukisia maana yake.

3. Namba mbili zinazoeleza mpangilio

Mwaka 1978, Newnham, Skinner na Cross wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walipendekeza njia fupi ya kuandika sintaksia ya mata mseto. Walijiuliza swali moja kuhusu kila kiungo: je, kimeungana chenyewe kwa chenyewe katika pande ngapi? Chembe zilizotengana hazijaungana upande wowote; zapewa namba 0. Nguzo au nyuzi ndefu zimeungana katika upande mmoja, zapewa 1. Matabaka hupewa 2. Kitu kilichoungana pande zote, kama maji yanayozunguka mawe mtoni, hupewa 3. Mseto wa viungo viwili waweza kuandikwa kwa namba mbili, na mipangilio inayowezekana ni 10.

Mipangilio miwili kati ya hiyo inahusu makala haya. Mpangilio wa 0-3 ni wa chembe zilizotawanyika ovyo ndani ya kibebeo. Mpangilio wa 1-3 ni wa nguzo zilizosimama ndani ya kibebeo. Tofauti yake si ya karatasini tu. Kuna kauri ambazo zikibanwa hutoa umeme, na zikipewa umeme hujinyoosha na kujikunja. Hizo hutumika katika vyombo vya kupima wajawazito kwa mawimbi ya sauti, ambamo mseto wa kauri na plastiki wa aina ya 1-3 hupendwa sana. Njia ya kawaida ya kuutengeneza ni kukata pande la kauri kwa msumeno mwembamba hadi zibaki nguzo, kisha kujaza plastiki katika nafasi zilizoachwa. Kazi hiyo ni ndefu, na msumeno una unene wake. Mpangilio wa 0-3, kwa upande mwingine, hutengenezwa kwa kuchanganya tu, lakini chembe za kauri hazigusani, na nguvu inayotoka kwa moja haifiki kwa nyingine ila kwa shida.

Swali lililowakabili watafiti ni hili: je, yawezekana kuchanganya kama 0-3 na kupata kitu kinachokaribia 1-3? Jibu limo katika uga wa umeme.

4. Chembe isiyo na chaji ndani ya uga

Kitana cha plastiki kikisuguliwa kwenye nywele kavu, huvuta vipande vidogo vya karatasi. Karatasi yenyewe haina chaji ya ziada. Mbona huvutwa? Sababu ni kwamba ndani ya karatasi mna chaji chanya na hasi kwa kiasi sawa. Kitana kinapokaribia, zile zinazovutwa nacho husogea kidogo kuelekea kwake, na zile zinazofukuzwa husogea upande wa mbali. Kipande cha karatasi huwa na ncha mbili, moja chanya na moja hasi. Ncha iliyo karibu huvutwa kwa nguvu kuliko ile ya mbali inavyofukuzwa, kwa kuwa uga hupungua kwa umbali. Matokeo yake ni mvuto.

Kanuni hiyohiyo hutawala chembe iliyomo ndani ya kiowevu. Ikiwa uga una nguvu sawa kila mahali, ncha mbili za chembe huvutwa kwa nguvu sawa kuelekea pande zinazopingana, na chembe yenye umbo la duara haiendi popote. Ikiwa uga ni mkali upande mmoja na dhaifu upande mwingine, chembe husafiri. Mmarekani Herbert Pohl aliuita msafara huo "dielektroforesi" mwaka 1951, akitumia neno la Kigiriki lenye maana ya kuchukua au kubeba; mwaka 1978 alichapisha kitabu kizima juu yake.

Yafaa kusisitiza kwamba kiowevu nacho kina chaji zinazotengana. Kwa hiyo kinachoamua mwelekeo wa chembe ni ulinganisho: ni nani hutenganisha chaji zake zaidi, chembe au kiowevu? Chembe ikishinda, huvutwa penye uga mkali. Ikishindwa, husukumwa penye uga dhaifu, kama kipande cha mbao kinavyopandishwa juu na maji yaliyo mazito kuliko chenyewe. Ulinganisho huo hupewa kipimo kinachoitwa kwa majina ya Clausius na Mossotti. Kwa chembe ya duara hakipungui -0.5 wala hakizidi 1. Chembe ya dhahabu ndani ya maji hukaribia 1. Chembe ya plastiki ya polistirini ndani ya maji, umeme unapogeuka kwa kasi kubwa, huwa na takriban -0.48, kwa sababu uwezo wa maji wa kutenganisha chaji ni mara 30 hivi ya ule wa plastiki hiyo.

5. Kutoka chembe moja hadi mnyororo

Hadi hapa imezungumziwa chembe moja. Upangaji huanza zinapokuwa nyingi. Kila chembe iliyopata ncha mbili huunda uga wake mdogo unaoathiri majirani. Chembe mbili zikifuatana katika mstari wa uga, ncha chanya ya moja hutazamana na ncha hasi ya nyingine, nazo huvutana. Zikikaa ubavu kwa ubavu, chanya hutazamana na chanya na hasi na hasi, nazo hufukuzana. Sheria hizo mbili zatosha: chembe hujipanga mmojammoja nyuma ya mwenzake kama shanga katika uzi, na nyuzi hizo husimama kufuata mwelekeo wa uga. Hakuna anayeelekeza kila chembe mahali pake.

Ni muhimu kutambua kwamba chembe zinazoshindwa na kiowevu nazo hupangika minyororo. Ncha zake zimegeuzwa, lakini zimegeuzwa zote kwa namna moja, na mvuto wa kufuatana unabaki. Mambo hubadilika pale tu ambapo aina mbili za chembe zimechanganywa, moja inayokishinda kiowevu na nyingine inayoshindwa nacho. Hizo huvutana ubavu kwa ubavu. Mtafiti anayejua jambo hilo aweza kuchagua jirani wa kila chembe kwa kuchagua kiowevu tu.

Aliyeonyesha nguvu ya minyororo hiyo ni Mmarekani Willis Winslow, aliyepata hataza mwaka 1947 na kuchapisha makala yake mwaka 1949. Winslow alitia chembe katika mafuta, akapitisha uga mkali, na mafuta yakawa mazito. Uga ulipoondolewa yakarudi kuwa mepesi. Wanga wa mahindi uliokorogwa katika mafuta ya kupikia huonyesha jambo lilo hilo, ingawa volteji inayohitajika ni ya hatari na haifai kujaribiwa na asiye fundi. Katika jaribio la Winslow mpangilio hudumu kadiri umeme unavyodumu. Ili kupata mata mseto inayodumu, kibebeo lazima kigande minyororo ingali imesimama.

6. Kwa nini umeme hugeuzwageuzwa

Umeme wa betri huenda upande mmoja; ule wa nyaya za mijini hugeuka upande na kurudi mara 50 au 60 kwa sekunde na huitwa mkondo geu. Katika upangaji wa chembe mkondo geu hupendelewa, na sababu zake ni tatu.

Kwanza, umeme wa upande mmoja ukipita ndani ya maji huyavunja na kutoa mapovu ya gesi, ambayo huvuruga kila kitu. Pili, chembe nyingi zina chaji kidogo juu ya ngozi yake. Umeme wa upande mmoja huzikokota hadi kwenye elektrodi na kuzilundika huko. Umeme ukigeuka maelfu ya mara kwa sekunde, chembe hutikiswa mbele na nyuma bila kufika popote. Tatu, mvuto wa minyororo haujali mgeuko huo. Uga ukigeuka, ncha za chembe zote hugeuka pamoja, na ncha chanya ya moja bado hutazamana na ncha hasi ya jirani. Kwa lugha ya hesabu, nguvu hiyo hufuata kipeo cha pili cha uga, na kipeo cha pili cha namba hasi ni chanya. Mnamo 2005 watafiti waliopanga neli nyembamba sana za kaboni ndani ya gundi ya epoksi walilinganisha njia zote mbili, wakaona kwamba mkondo geu ulitoa mtandao ulio sawasawa zaidi na ulionyooka zaidi.

7. Matokeo ya majaribio

Katika miaka ya 1990 watafiti wa chuo kilekile cha Pennsylvania walitawanya chembe za kauri katika polima ambayo bado ilikuwa kiowevu, wakatumia uga kuzipanga minyororo, kisha wakaiacha polima igande. Mchanganyiko wa 0-3 ulikuwa umesogezwa kuelekea 1-3 bila msumeno.

Mwaka 2001, Hermanson, Velev na wenzao walichapisha katika jarida la Science matokeo mengine ya ajabu. Walichukua maji yenye chembe za dhahabu za kipenyo cha nanomita 15 hadi 30, wakayaweka kati ya elektrodi mbili zilizolala juu ya kioo, na kuwasha mkondo geu. Chembe zilikusanyika zikawa waya. Waya hukua kwenye ncha yake, kwa sababu ncha nyembamba hukusanya uga mkali, na uga mkali huita chembe zaidi. Kasi yake ilipita mikromita 50 kwa sekunde, na urefu wake ukapita milimita 5. Waya huo ulipitisha umeme vizuri, na ulipokuta kisiwa cha kipitishi njiani ulijiunga nacho wenyewe. Watafiti hao walipoongeza chembe za lateksi, waliweza kupata waya wenye moyo wa dhahabu na ganda la lateksi. Huo ni mseto kamili wa kipimo kidogo mno, uliojengwa na uga peke yake.

Faida nyingine ni ya kiasi. Ili mchanganyiko wa chembe za kipitishi zilizotawanyika ovyo ndani ya kihami upitishe umeme, chembe za duara huhitajika kwa takriban 16% ya ujazo, ndipo zigusane kwa bahati kutoka upande mmoja hadi mwingine. Zikipangwa minyororo, kiasi kidogo zaidi hutosha, kwani hakuna chembe inayopotea pembeni. Tena mata hupitisha umeme kwa kufuata minyororo na huwa kihami kuikata minyororo hiyo. Mchanganyiko wa ovyo hauwezi kuwa na tabia mbili namna hiyo.

8. Mipaka ya njia hii

Njia hii ina masharti yake. Nguvu inayovuta chembe hupungua kwa kipeo cha tatu cha ukubwa wake. Chembe ya nanomita 20 ni ndogo mara 100 kuliko ile ya mikromita 2. Nguvu inayoipata katika uga uleule ni ndogo mara 1,000,000. Wakati huohuo joto la kiowevu huitikisa chembe bila kukoma. Dawa ni kuongeza uga, na njia rahisi ya kuongeza uga ni kukaribisha elektrodi. Volti 10 katika nafasi ya mikromita 10 huleta uga wa volti 1,000,000 kwa mita. Kwa uga huohuo katika nafasi ya sentimita 1, zingehitajika volti 10,000. Ndiyo maana njia hii hufanikiwa zaidi katika tabaka nyembamba kuliko katika mapande makubwa.

Aidha, uga ukizidi, kihami huvunjika na cheche hupita. Kiowevu chenye chumvi hupitisha umeme na kuchemka. Polima nzito huchelewesha chembe. Nyepesi mno huziacha zizame chini kabla ya kuganda. Uga ukidumu muda mrefu, minyororo myembamba huungana kuwa nguzo nene. Kwa ufupi, anayepanga hana budi kulinganisha saa mbili: saa ya chembe kujipanga na saa ya kibebeo kuganda.

9. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba tabia ya mata mseto haitokani na viungo vyake pekee bali na mpangilio wake, na kwamba uga wa umeme huleta mpangilio huo kwa sheria mbili tu: kuvutana kwa zinazofuatana na kufukuzana kwa zilizo ubavuni. Kuanzia mafuta ya Winslow hadi waya wa dhahabu wa 2001, sheria hizo hazikubadilika. Kilichobadilika ni ustadi wa kuchagua chembe, kiowevu, kasi ya mgeuko na wakati wa kuganda.

Imeonekana pia kwamba maelezo haya yamewezekana kwa maneno ambayo mengi yake yalikuwamo katika lugha: uga, mseto, mnyororo, ncha, kipitishi, kihami. Machache, kama chaji na elektrodi, yamekopwa, na kukopa si aibu. Hatari iko katika kutafsiri neno bila kutafsiri wazo, hata uga ukawa shamba na chaji ikawa mzigo. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo atakuwa na maneno yote mdomoni, kama fundi aliye na nondo zote mkononi, lakini ameyalaza upande usiobeba mzigo.